Ekari tano bila jirani, Malindi: kabla hujamlipa dalali

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kisauni, Mombasa. Nimechoka na bodaboda, disko matanga na jenereta za majirani. Nina shilingi milioni mbili. Nataka nyumba ya vyumba viwili na ekari tano au zaidi, mahali ambapo nikisimama mlangoni sioni paa la mtu. Dalali mmoja wa Malindi amenipeleka ndani, upande wa Chakama, akanionyesha ekari kumi za kichaka kwa bei ndogo sana. Karatasi zake ni barua ya mgao na mapatano yaliyopigwa muhuri kwa chifu. Mwingine ananivuta Lamu bara. Mke wangu anasema tusipite Ganda, pale karibu na mji. Unatushauri nini?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Nianze na la haraka: usimpe huyo dalali hata shilingi moja ya kushikilia shamba. Barua ya mgao, ile ya kusema umegawiwa ardhi, si hati. Mahakama ya Juu ililisema hilo waziwazi Septemba 2023 katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Miezi mitano kabla, katika kesi ya Dina Management kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali, mahakama hiyo hiyo ilikwenda mbele zaidi: hata mwenye hati mkononi hapati kinga ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kama hati yenyewe inaulizwa ilizaliwa wapi, karatasi ya mgao itasimama kwa miguu gani? Na chifu hana mamlaka ya kuuza wala kuhamisha ardhi. Muhuri wake unaonyesha kwamba mlifika ofisini kwake siku hiyo, basi.

Sasa hicho kichaka. Mwalimu, kazi yangu ni kupima mashamba, na katika mwambao huu sijaona kichaka kisicho na mwenyewe. Nimeona vichaka ambavyo wenyewe hawapo siku dalali anapomleta mnunuzi.

Chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1895 Waingereza waliuchukua mwambao wa maili kumi kuwa chini ya himaya yao, bendera ikabaki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha ardhi ya mwambao: aliyedai na kuthibitisha akapewa cheti, kisichodaiwa kikawa cha serikali. Waliodai ni wale waliopata habari na waliokuwa na njia ya kufika mbele ya karani. Mgiriama aliyekuwa akilima mahindi na kupanda minazi kwenye ardhi ile ile akabaki bila karatasi. Ndiyo maana mpaka leo unakuta shamba lina mwenye hati anayeishi mbali, pengine hajalikanyaga, na lina watu ambao babu zao wamezikwa humo. Ukivuka zile maili kumi kuelekea bara unaingia kwenye mambo mengine: ranchi, ardhi ya jamii ambayo haijagawanywa, na skimu za makazi kama ile ya Magarini iliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia. Kila aina ina karatasi zake na maradhi yake.

Halafu kuna miti. Wewe wa Kisauni unaijua habari ya nyumba bila ardhi, nyumba ya mtu mmoja juu ya ardhi ya mwingine. Huku kuna mnazi bila ardhi. Shamba linaweza kuwa la mtu mmoja, na minazi, miembe au mikorosho iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine aliyeipanda, aliyeirithi, au aliyeichukua rehani wakati mwenzake alipokuwa na shida. Kwenye hati hutaliona hilo. Utaliona siku utakapokuta mtu juu ya mnazi wako anaangua madafu, naye akushangae wewe. Kwa hiyo mbele ya wazee, kabla ya kutia sahihi, uliza miti yote ni ya nani, tena mti kwa mti kama ni mikubwa, na majibu yaandikwe kwenye mapatano.

Makaburi nayo usiyapite. Tembea shamba lote kwa miguu, hasa chini ya miti mikubwa na kwenye vichuguu vilivyosawazishwa. Ukikuta kigango, kile kibao cha mbao kilichochongwa ambacho Wagiriama humsimamishia marehemu mzee wa gohu, chama chao cha wazee wenye heshima, jua umefika kwenye boma la watu, hata kama nyumba zilishaanguka na kuota magugu. Kigango hakihamishwi ovyo. Wenyewe watakuja kukitembelea, na ni haki yao kuja. Mimi singenunua shamba lenye kigango kama nataka upweke, na sisemi hivyo kwa kuogopa chochote. Nasema kwa sababu nimekuelewa hutaki wageni.

Kuhusu Chakama niseme zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya huko ni ardhi ya ranchi, na neno ranchi likitajwa kwenye mauzo ya ekari kumi kumi inabidi uulize ni nani aliyeikata, kwa ramani gani, na kwa idhini ya nani. Kisha kuna msitu wa Shakahola, uliomo humo humo. Tangu 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao waliofunga mpaka kufa, mtu mgeni anayetafuta kichaka cha ndani, mbali na macho ya watu, na asiyetaka jirani, hapokewi kama zamani. Watu walioona magari yakipita usiku na wakanyamaza hawatanyamaza tena. Polisi watakuja, chifu atakuja, vijana watakuja kuchungulia. Upweke unaoufuata huko umekwisha, mwalimu, na nadhani wenyeji wana haki kabisa ya kuchungulia.

Lamu bara nitaipita haraka. Kuna ardhi nzuri Hindi, Mkunumbi na Witu, na watu wema. Lakini tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 usalama wa vijiji vya pembezoni umekuwa wa kupanda na kushuka, na mtu wa kwanza kuwa hatarini ni yule aliyejenga peke yake kando ya msitu. Mwaka huo huo serikali ilitangaza kufuta hati za kampuni 22 zilizokuwa zimejitwalia takriban ekari 500,000 za Lamu. Dalali wa Lamu akikuletea kipande cha eneo kubwa lililokatwa, hilo ndilo swali la kwanza. Kwa mstaafu mwenye milioni mbili na asiye na jamaa huko, sipashauri.

Basi upweke utapatikana wapi? Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea hesabu. Wanafikiri utulivu unatokana na kwenda mbali, kumbe kwa sehemu kubwa unatokana na umbo la shamba. Chukua ekari tano zenye umbo la mraba. Kila upande ni kama mita 142. Jenga katikati, na mpaka wa karibu uko mita 71 kutoka katikati ya nyumba. Sasa chukua ekari tano zile zile lakini ni utepe, upana mita 40 na urefu mita 500 na kitu. Hata ujenge wapi, mpaka hauzidi mita 20. Jirani akijenga kwenye mpaka wake utamsikia akikohoa. Ekari moja tu ya mraba, ambayo upande wake ni kama mita 64, inakuweka mita 32 kutoka kwa mtu. Yaani ekari moja iliyokaa vizuri inashinda ekari tano zilizokaa vibaya.

Na mashamba ya utepe ndiyo yanayouzwa kwa wingi, kwa sababu shamba la babu likigawanywa kwa wana sita kila mmoja anataka mguu barabarani, basi linakatwa marefumarefu kama mkate wa mofa uliokosewa kisu. Ukionyeshwa utepe, uliza kama ndugu wawili wanaopakana wanauza pamoja. Viwili vikiunganishwa wakati mwingine vinafanya umbo la maana.

Kwenda ekari kumi hakuongezi unachodhani. Mraba wa ekari kumi una upande wa mita 201, nyumba inakaa mita 100 kutoka mpakani. Umelipa mara mbili ili upate mita 30 tu. Hizo pesa zingekufaa zaidi kwenye maji na miti.

Miti ndiyo itakayokufichia mapaa. Macho hayapiti safu mbili za mwarobaini zilizopandwa kwa kupishana, nao huota upesi huku na mbuzi hawaupendi sana. Kwenye mpaka wenyewe watu hutumia minyaa, ni rahisi na hukaa miaka, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni taabu, kwa hiyo usiupande watoto wanapocheza. Upande unaopigwa na upepo panda mivinje, baada ya miaka michache utauza fito na boriti ukitaka. Anza kupanda mvua ya masika ya kwanza, hata kabla ya msingi wa nyumba.

Sauti haizuiwi na majani, lakini inabebwa na upepo. Kusi hutuvumia kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na zote mbili zinatoka baharini. Maana yake kwa sehemu kubwa ya mwaka kelele za kijiji zinasukumwa kuelekea bara. Kijiji kikiwa magharibi ya shamba lako, disko matanga yao inaenda zake. Kikiwa mashariki, kati yako na bahari, ngoma yote inaletwa dirishani kwako. Mashamba mawili yenye umbali sawa na kijiji hayawi na usiku sawa, na dalali hatakuambia hilo kwa sababu hukuonyesha shamba saa nne asubuhi. Lala hapo, au karibu na hapo, usiku wa Jumamosi.

Kuna pia njia ya kupata upande usio na jirani bila kuulipia: shamba linalopakana na kitu ambacho hakijengwi. Mto, bwawa la msimu, korongo, msitu wa serikali. Lakini kila kimoja kina gharama yake. Ukingo wa mto Sabaki una mamba na viboko, una ukanda usioruhusiwa kujengwa, na mto wenyewe huhama. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na yale ya mwishoni mwa 2023 yalifika mbali na kingo za kawaida, kwa hiyo waulize wazee maji ya miaka hiyo yalisimama wapi, nao watakuonyesha mti. Ukipakana na msitu wa Arabuko-Sokoke unapata ndege na hewa safi, na tembo wakikuta pengo kwenye uzio unapata kukosa mahindi. Ukisogea Langobaya na mbele kuelekea lango la Sala, tembo ni wa Tsavo Mashariki na hakuna anayekuhakikishia uzio. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja fidia, milioni tano kwa anayeuawa, lakini watu husubiri fidia hiyo mpaka wakachoka kuuliza.

Kwa pesa zako na kwa hilo unalolitaka, mimi ningezunguka ule mkanda wa kati: baada ya Ganda na Msabaha ambako mashamba sasa yanakatwa viwanja vya futi hamsini kwa mia, na kabla ya ranchi. Jilore, pembezoni mwa Kakoneni, na kwa ng'ambo ya mto vijiji vya kati ya Magarini na Marafa. Mkeo anaposema msipite Ganda ana hoja, nitaifikia. Gongoni, Fundisa na Marereni kuna ardhi ya bei nafuu pia, lakini hapo jiulize kwa nini viwanda vya chumvi vimejengwa huko.

Maji ndiyo yatakayoamua kama mtakaa miaka ishirini au mwaka mmoja. Visima vya ukanda huu vingi vina chumvi, na hubadilika kwa msimu. Usionje maji ya kisima mwezi wa Juni baada ya masika. Onja Machi mwishoni, maji yakiwa chini kabisa, tena onja ya visima vya majirani watatu, kwa sababu cha kwako hakijachimbwa. Kisima kirefu cha mashine kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na fedha inayoweza kumeza bajeti yako nzima kisha kikatoa maji ya magadi. Kuhusu bomba, mitambo ya Baricho iliyo kando ya Sabaki ndiyo inayopeleka maji Malindi, Kilifi mpaka Mombasa, na ni jambo la kuchekesha na kusikitisha kwamba wapo wanaoishi karibu na mabomba yale na bado wanachota mtoni. Bomba kupita karibu na shamba si sawa na kuruhusiwa kuungwa. Nenda ofisi za kampuni ya maji Malindi na namba ya shamba, uulize.

Njia ya uhakika ni paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita za mraba 100, katika mwaka mkavu wa milimita 600, ukipoteza sehemu ya tano kwa kumwagika na kuosha vumbi, linakupa lita 48,000. Watu wawili kwa lita 50 kila mmoja kwa siku ni lita 100. Kiangazi cha siku 120 kinataka lita 12,000. Ongeza kuku, wajukuu wa likizo na miche, jenga tangi au jabia la lita 20,000, usiku utalala. Makuti hayakusanyi maji ya kunywa, yanatoka na rangi ya chai. Kwa hiyo nyumba ezeka mabati, na nje jenga baraza kubwa ya makuti mkae huko mchana, maana mabati ya Malindi saa nane si mahali pa binadamu.

Sasa karatasi. Ukipata shamba lenye umbo zuri na maji ya kueleweka, chukua namba yake na nakala ya hati, ufanye sachi, yaani uchunguzi kwenye rejista ya ardhi, mwenyewe au kupitia wakili wako, si wakili wa muuzaji. Hati nyingi za mashamba ya huku ziko masjala ya Kilifi, ila zile za zamani zilizotokana na sheria ya 1908 zina faili zake Mombasa, na kuna watu hutumia mwanya huo kukuambia faili halionekani. Usitosheke na sachi ya ukurasa mmoja. Omba historia yote ya shamba, kadi ya kijani, uone limetoka kwa nani kwenda kwa nani. Kesi ya Dina ndiyo inayokufunza hivyo. Kama ni shamba la skimu, hakikisha deni la mfuko wa makazi limelipwa na limefutwa kwenye rejista.

Kisha chukua ramani ya usajili na mpima aliyesajiliwa, mwende mkatafute bikoni, zile alama za kona za shamba. Usikubali kuonyeshwa mpaka kwa kidole. Mipaka ya ramani nyingi za mashamba ni ya kukadiria, na sheria yenyewe inasema hivyo, kwa hiyo mpaka unaotambuliwa na majirani nao una uzito wake. Waite wote wanaopakana nawe, wawepo siku ya kupima, watie sahihi. Siku hiyo hiyo angalia barabara. Mashamba ya ndani hufikiwa kwa vijia vinavyokatiza mikorosho ya watu, na gari la dalali limepita hapo kwa hisani tu. Kama njia haimo kwenye ramani, haki ya njia iandikwe na kusajiliwa kabla ya kulipa, sio baadaye ukiwa na mzigo wa simenti umesimama kwenye kizuizi cha mtu.

Mwenye jina kwenye hati yuko hai? Uliza waziwazi. Huku hati ya jina la babu aliyefariki miaka mingi ni kitu cha kawaida, na mjukuu anauza kana kwamba ni yake. Kabla mirathi haijathibitishwa na mahakama hana anachouza, na kugusa mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai. Kama familia ni ya Kiislamu, Mahakama ya Kadhi ya Malindi inaweza kulimaliza, na mara nyingi utagundua shangazi wawili huko ambao hawakuambiwa chochote. Ngoja limalizike, au tafuta shamba lingine.

Ardhi ya kilimo haihamishwi bila idhini ya bodi ya ardhi. Ombi linapelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila idhini mauziano ni batili, na unachobakiwa nacho ni kumdai muuzaji pesa zako kama deni. Mke au mume wa muuzaji lazima akubali, na bodi nyingi hutaka kuwaona na watoto wakubwa. Usikereke. Mtoto aliyekaa kimya mbele ya bodi ni bora kuliko yule atakayekuja na panga baada ya miaka mitano.

Nakuja kwa majirani, ambao unawakimbia. Kutowaona kutoka mlangoni nimekuonyesha njia yake. Kutowajua ni hatari, na hapo mkeo ana haki zaidi yako. Kaunti yetu ya Kilifi ina historia chungu ya wazee kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya masingizio mara nyingi kuna shamba linalotamaniwa. Mzee mwenye mvi, mgeni, anayekaa peke yake na hasalimii mtu, ndiye anayetungiwa hadithi. Nenda kwa mzee wa kijiji kabla hujanunua, keti, mueleze wewe ni nani na unataka nini. Hudhuria matanga, hata ukiondoka mapema kabla ya hiyo disko. Nunua mkaa, mayai na fito hapo hapo kijijini. Hao ndio watakaokupigia simu ng'ombe wa wafugaji wanaofuata malisho wakiingia kwako kiangazi, na ndio watakaokupeleka hospitali ya Malindi saa nane usiku ukiumwa na kifutu. Pima muda wa safari hiyo kwa bodaboda, usiku, barabara ikiwa na matope. Ikizidi saa moja, mimi ningetafuta karibu zaidi.

Na usinunue kisha ukaliacha shamba likae likikusubiri. Aliyekaa kwenye ardhi yako miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa yako, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iko hapo hapo Malindi, akaomba iandikwe kwa jina lake. Sheria hiyo inakugusa mara mbili. Kwanza unaponunua: hesabu vibanda na majiko yaliyomo, uliza nani analima kile kipande cha mihogo na tangu lini. Pili baada ya kununua: ukimweka mtu akutunzie shamba, andikianeni kwamba anakaa kwa ruhusa yako na kwa malipo gani. Karatasi moja ya mkono yenye mashahidi wawili inatosha kuondoa ugomvi wa kizazi.

Kabla ya kutoa pesa nyingi, pangeni nyumba mahali hapo, mkae angalau mwisho wa kiangazi na mwanzo wa masika. Mtajua mengi, ikiwa ni pamoja na kama kweli nyinyi ni watu wa kimya. Wapo waliohamia huko kutoka mjini wakaishia kushinda kwenye kituo cha bodaboda wakitafuta mtu wa kuzungumza naye.

Pesa sasa. Katika milioni mbili, ardhi isizidi nusu. Iliyobaki ni ya tangi, mabati, sola, mpima na wakili, na akiba ya kitu kitakachoharibika. Ushuru wa stempu mashambani ni asilimia 2 ya thamani, kwa hiyo shamba la 900,000 ni 18,000. Muuzaji naye ana kodi ya faida, asilimia 15 ya faida tangu 2023, na ndiyo maana atakusihi muandike bei ndogo kuliko mliyopatana. Kataa, maana idhini ya bodi ikikosekana utarudishiwa kilichoandikwa, hutarudishiwa kilichopita mkononi. Andikisheni kwa majina yenu wawili. Mkichagua umiliki wa pamoja, mmoja akitangulia mwenzake anabaki na shamba bila kwenda mirathi. Kama ni Waislamu, zungumzeni na kadhi kwanza juu ya hilo. Malipo ya mwanzo yasizidi asilimia 10, yakae kwa wakili mpaka idhini ya bodi itoke, na dalali alipwe siku hati yenye majina yenu itakapotoka masjala. Akikataa masharti hayo, mwache aende na kichaka chake cha Chakama.